Nilichosema Nikiwa Sipo

Jumatatu, 16 Juni

Rezo, mtandao wa kompyuta zetu, ilikatika tena asubuhi. Tukauza tikiti kwa kukisia. Magishe matatu, yaani madirisha ya tikiti, boti moja ya Bukavu. Kila gishe liliendelea na kazi yake, kalamu zinatembea, mihuri inagonga, lakini hakuna aliyejua mwenzake ameuza nini. Adhuhuri wakafika abiria wengi kuliko viti. Kelele, matusi. Mkubwa wetu akatugombeza sote sawasawa.

Maumivu yalirudi katikati ya kelele hizo. Upande wa kushoto, chini ya kitovu. Nilishika ukingo wa meza nikaendelea kuandika jina la abiria. Mwandiko haukutetemeka. Najivunia ujinga kama huo.

Kesho naenda kuchukua majibu ya ekografi, ile picha ya tumbo. Naogopa. Mwezi huu naogopa kila kitu, kwa hiyo woga huu mpya umepanga foleni nyuma ya ule wa zamani.

Wa zamani ni Idi, kaka yangu. Wenye silaha walimkamata barabarani pamoja na vijana wengine, wakawapakia kwenye lori, wakawapeleka kufundishwa bunduki. Alitoroka. Alifika nyumbani miguu imechanika. Mama na mimi tukampeleka mahali. Mahali penyewe sitapaandika hapa wala popote. Tunaojua ni wawili. Kwa watu wengine wote, Idi amekwenda Vitshumbi kununua samaki. Ndivyo tunavyosema, na tunasema bila kuangaliana.

Jumanne, 17 Juni

Ni uvimbe. Kwenye ovari, mkubwa kama chungwa. Daktari alinichorea kwenye karatasi: mfuko unaoning'inia kwenye kikonyo. Kikonyo kikijisokota, damu haipiti, na hapo nitaletwa hospitali nikipiga kelele. Afadhali kupasuliwa nikija kwa miguu yangu. Jumanne ijayo.

Nikauliza kama nitalazwa usingizi. Akasema hilo ni la Papa Muhindo, muuguzi wa anestezi, nimwone Ijumaa.

Jioni nyumbakumi alipita. Ndiye anayesimamia nyumba kumi za upande wetu, na ndiye anayeulizwa na wakubwa nani yupo na nani hayupo. Alikaa, akanywa chai, akauliza Idi atarudi lini. Hii ni mara ya pili. Anatabasamu anapouliza.

"Samaki wa Vitshumbi banamukawisha, huyu mutoto."

"Ni barabara, muzee," Mama akajibu. "Si unajua barabara yetu."

Mkono wa Mama ulimimina chai bila kumwaga. Mikono yangu ilikuwa chini ya meza.

Alipoondoka, Mama alifunga mlango akaniambia jambo nililolijua siku zote bila kulifikiria. Mke wa nyumbakumi, Mama Furaha, anafanya kazi hospitali ile ile. Katika chumba cha upasuaji. Ndiye anayechemsha vyombo na kuwashika wagonjwa wanapoamka.

Jumatano, 18 Juni

Kazini nilisema tu kwamba nitapasuliwa. Ikawa sherehe. Kila mtu ana habari ya mtu aliyelazwa usingizi. Papa Deo wa gishe la pili alisimulia ya mjomba wake: alipopewa ketamini, dawa ya kulaza, kwa ajili ya ngiri, alianza kuamka akiita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, mpaka akafika kwa wawili ambao shangazi hakuwajua.

"Shangazi akauliza, hao ni ba nani? Mjomba, macho wazi kama bundi, akataja hata mutaa kwenye banakaa!"

Tulicheka sana. Mimi pia. Kisha nikarudi kwenye gishe langu.

Alitaja hata mtaa wanaokaa.

Alhamisi, 19 Juni

Nimesoma kwenye simu kutwa nzima, kila abiria walipopungua. Kifaransa kigumu, cha madaktari. Nina diploma yangu lakini nilirudia sentensi mara nyingi.

Nilichoelewa kimenitisha zaidi. Nilidhani dawa ya usingizi huzima ubongo kama taa. Haizimi. Walioweka nyaya kwenye vichwa vya watu waliolazwa wanasema sehemu nyingi zinabaki hai. Sauti inaingia sikioni, na ile sehemu ya ubongo inayopokea sauti inaipokea. Ila haiipeleki mbele. Sehemu za nyuma, zinazokusanya tunachoona na kusikia, haziongei tena na sehemu za mbele, zinazopima na kuamua. Mtu hupotea katikati, ingawa vipande vyake vyote vipo.

Kumbe hakuna giza ndani. Kuna watu wanaofanya kazi, kila mmoja na mlango wake umefungwa.

Na mimi ninayejua mahali alipo Idi, nimeliweka jina la mahali hapo kwa nani kati yao?

Ijumaa, 20 Juni

Papa Muhindo ni mtu mnene wa Butembo, anavaa sweta hata jua likiwaka. Aliniuliza meno, mzio, pumu. Kisha:

"Unaogopa?"

"Ndiyo, papa."

"Muzuri. Mimi naogopa bale hawaogopi."

Alisema atanichoma sindano ya mgongo. Kuanzia kiunoni kushuka, ganzi. Juu nabaki macho, naongea naye. Nilikaribia kulia kwa furaha. Halafu akaongeza: mgongo ukikataa, ketamini. Ile dawa nyingine, nyeupe kama maziwa, imekwisha. Uwanja wa ndege umefungwa, na kidogo kinachofika kwa barabara kinawekwa kwa wagonjwa wa hali mbaya.

Nikakusanya ujasiri. "Papa, ni kweli ketamini inasemesha watu?"

Alicheka mpaka kiti kikalia. "Banaume bote banakuja na hiyo! Mukubwa muzima, na kravati yake shingoni, ananishika mukono: Papa Muhindo, tafadhali, bibi yangu asikae karibu nikiamuka. Anaogopa kutaja deuxième bureau, bibi wa pembeni!" Akanitazama pembeni. "Na wewe, binti, huyo unaogopa kumutaja ni nani?"

Akadhani nina mpenzi wa siri. Nikamwacha adhani.

Pengine alinihurumia, kwa sababu aliacha kucheka akanieleza polepole, kama mwalimu.

"Rezo ikikatika Goma, batu ba Himbi banakufa?"

"Hapana."

"Ba Majengo?"

"Hapana, papa."

"Kila mutu iko kwake. Anapika, anagombana na bibi yake. Lakini Himbi haijui Majengo inafanya nini. Mitaa yote iko, na Goma haiko. Njo vile dawa inafanya kichwa. Ketamini, yeye, iko na kelele zaidi. Macho wazi, kila mutaa unapiga ngoma yake, lakini hakuna mutu anasikia muziki."

"Na mdomo?"

"Mudomo ni mutaa kama ingine. Wakati wa kuamuka, rezo inarudi pole pole. Kuna pahali inafika kwanza, kuna pahali inachelewa, na mimi siwezi kupanga. Mudomo inaweza kupata rezo kabla ya mwenye mudomo."

Nimerudi nyumbani nikiwaza magishe yetu ya Jumatatu. Yote matatu yaliuza. Mihuri ilikuwa halali, tikiti zilikuwa za kweli. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kujua kinachotoka.

Jumapili, 22 Juni

Nimefanya mpango. Kama mdomo utasema bila mimi, basi niufundishe la kusema. Tangu jana narudia: Vitshumbi. Nikichota maji, Vitshumbi. Nikikunja nguo, yuko Vitshumbi, amekwenda kununua samaki. Naufikiria ubongo kama barabara: njia inayopitwa sana ndiyo gari litakayoifuata lenyewe hata dereva akisinzia.

Mama alinikuta jikoni nikinong'ona.

"Zaina, unasali nini?"

Nikamweleza yote. Mdomo, ketamini, Mama Furaha. Hakucheka. Alikaa chini kwenye kigoda.

"Basi usiende."

"Daktari amesema ukijisokota..."

"Nimesikia alichosema daktari."

Uji ukashika chini ya sufuria. Mama ana watoto wawili, na ilibidi achague ni yupi wa kumwogopea zaidi. Nilimwona akishindwa.

Mwishowe akasema: "Utakwenda. Mungu ndiye mwenye ulimi."

Nilimchukia kidogo kwa jibu hilo. Nilitaka mpango.

Jumatatu, 23 Juni

Nimelazwa. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Kitanda cha jirani ni cha mama wa Kibati aliyevunjika paja. Anakoroma mchana.

Mama Furaha alikuja kuniangalia. Mrefu, kitambaa cha kijani kichwani, mikono iliyobabuka kwa maji ya moto. Aliniuliza kama nimekula, kama nina baridi. Alinitengenezea shuka. Kila alichouliza nilikisikia kama swali lingine.

"Na kaka yako, hatakuja kukuona?"

"Yuko Vitshumbi, mama."

"Aa. Vitshumbi."

Alisema hivyo tu. Akapiga mto, akaondoka.

Nimefikiria kuvaa viatu na kutoroka. Nimehesabu milango. Kisha maumivu yakaja yenyewe, kama mtu anayekumbusha kwamba hakuna pa kwenda.

Jumanne, 24 Juni

Niko hai. Mgongo ulikataa.

Sijui nilisema nini.

Jumatano, 25 Juni

Naandika nimelala. Mwandiko ni mbaya, kichwa ni kizito, lakini nataka kuandika kabla sijaanza kubuni.

Mle ndani walikuwa watano. Daktari, Papa Muhindo, Mama Furaha, muuguzi wa vyombo, na kijana mmoja stajere, mwanafunzi wa mazoezi, aliyesimama ukutani na barakoa kidevuni. Stajere huyo sikuwahi kumwona. Kabla ya kisu walisali, ndivyo wanavyofanya pale kila mara: daktari akaomba, wakaimba ubeti mmoja, amina. Mimi nikasoma Fatiha moyoni. Sindano ya mgongo nilikuwa nimeshachomwa. Mguu wa kulia ukawa gogo. Wa kushoto ukabaki wangu. Daktari akanifinya kwa koleo tumboni nikaruka.

Wakasubiri. Wakanifinya tena. Nikaruka tena.

"Binti, tutalala kidogo," Papa Muhindo akasema.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia naweza kuvumilia. Daktari akasema hakuna mtu anayevumilia hilo. Nikamshika Papa Muhindo sweta, hata mle ndani alikuwa na sweta chini ya gauni, nikasema: "Papa, mdomo wangu. Tafadhali, mdomo wangu." Akasema ndiyo, ndiyo, kama unavyomwambia mtoto. Nikaanza kusema Vitshumbi. Vitshumbi, Vitshumbi.

Kisha.

Si usingizi. Usingizi una mlango, hiki hakikuwa nao. Taa ya juu iliachana na mwanga wake. Kulikuwa na mkono, na hakukuwa na swali la mkono wa nani. Kulikuwa na kuvutwa tumboni, kama mtu anayetafuta kitu kwenye mfuko, na haikuniuma kwa sababu hakukuwa na wa kuumwa. Kulikuwa na sauti. Sauti nyingi, pana, zinapanda na kushuka, za rangi ya udongo. Nilikuwa sauti hizo. Hapana, sikuwa. Kiswahili hakina nafsi ya kusimulia hili. Kila sentensi inanilazimisha niwepo.

Kisha vitu vikarudi bila mpangilio. Baridi kwanza. Halafu harufu ya javeli ya kusafishia sakafu. Halafu neno kiu, likielea peke yake. Mimi nilifika wa mwisho, na nilipofika nilikuta mdomo wangu uko wazi na umekauka, kama wa mtu aliyeongea muda mrefu.

Mama Furaha alikuwa amenishika kichwa kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa juu yangu, umepinduka. Alikuwa akitokwa jasho.

Nilimwuliza: nimesema nini? Alinipangusa midomo kwa pamba yenye maji.

Alhamisi, 26 Juni

Sikulala. Kila gari lililosimama nje lilikuwa lori.

Asubuhi mama wa Kibati aliamka kwa furaha. "Weye, mutoto wa boti, juzi walikufanyia misa? Kila siku nasikia kanisa yao ile, wimbo mumoja na amina. Wewe waliimba mpaka mimi nikafikiri umekufa!"

Basi sauti zile zilikuwa za kweli.

Mama Furaha alikuja na ndoo na matambara. Alipiga deki kutoka mlangoni mpaka kitandani kwangu, pole pole, na alipofika aliinama kama anasugua mguu wa kitanda.

"Uko na mudomo mubaya, mutoto."

Nikashika ukingo wa shuka.

"Ulianza na Vitshumbi. Vitshumbi, Vitshumbi. Nikasema, aa, muzuri. Kisha ukasema hayuko Vitshumbi." Aliendelea kusugua. "Ukasema kwa sauti ya nguvu, kama unaita abiria. Hayuko Vitshumbi, iko..."

"Iko wapi?" Nikajiinua kwa kiwiko. "Mama, nilisema iko wapi?"

"Mimi sijui. Mimi niliimba."

Akakamua tambara. Maji meusi. Akasema yule stajere aliacha kuangalia tumbo akaanza kuangalia mdomo wangu, ndipo yeye akaanza kuimba. Kila nilipopandisha sauti, naye akapandisha.

Nikamwambia ahsante. Nikaanza kulia, kidonda kikanikata.

"Usilie, utafungua nyuzi za daktari." Alitazama mlangoni. "Wangu pia walimupakia. Siku moja na wako, lori moja. Yeye hakutoroka." Akabeba ndoo. "Na baba yake anauliza watu kwa sababu anaulizwa. Usimuchukie sana. Kidogo, sawa."

Furaha. Mtoto wa kwanza, aliyewapa wazazi jina. Nilidhani amekwenda chuo Bukavu. Ndivyo walivyosema mtaani, na kumbe walisema bila kuangaliana.

Mama yangu alipoleta chakula nilimweleza yote sikioni. Stajere. Neno lililoanza kutoka. Sijui lilitoka kiasi gani. Mama alifunika sahani ambayo sikuigusa, akajifunga kitenge upya, akatoka. Hakusema anakwenda wapi. Sikuwa na haja ya kuuliza.

Ijumaa, 27 Juni

Mama hakuja leo. Ametuma binamu na uji. Binamu hajui lolote, anaongea juu ya harusi.

Papa Muhindo alipita kunipima. Mzaha kwanza:

"Hukumutaja hata mupenzi mumoja. Nilisikitika sana."

Nikamwuliza kama alisikia kitu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kitanda kikalalamika.

"Daktari alisema, Mama Furaha, hapa si kanisa. Mama akaongeza sauti. Mimi nikaona, mutu hawezi kuimba peke yake hivyo, ni haya. Nikaweka besi, sauti ya chini." Akanipima mapigo. "Nimelaza watu miaka mingi, binti. Nimesikia mambo. Mutu aliyelazwa hasemi. Mudomo inasema. Mwenyewe hayuko. Sasa mimi nitabebaje maneno ambayo hayana mwenyewe?"

Ni mtu mwema. Aliondoka akidhani amenituliza.

Lakini nimelifikiria siku nzima na sikubaliani naye. Ni kweli kwamba hakuna aliyesema. Niliyesema sikuwepo. Sehemu iliyotunza jina, sehemu iliyotengeneza sauti, hata sehemu iliyojua kwamba Vitshumbi ni uongo na ikataka kusahihisha, kama karani mwaminifu: zote zilikuwa kazini, na mimi sikuwa miongoni mwao. Sina kosa. Nakubali.

Ila kilichosemwa kilikuwa kweli. Ukweli hauhitaji mtu wa kuusema ili umwue mtu mwingine.

Na mpango wangu wa Vitshumbi. Niliulisha uongo siku tatu ili uwe na nguvu, na kumbe kila nilipousema, ndani yangu kitu kimoja kilijibu kimya kimya: hayuko. Nilifundisha vyote viwili.

Jumapili, 29 Juni

Nyumbani. Natembea nimeinama kama bibi kizee. Mama amerudi, macho mekundu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hajasema lolote mbele ya binamu.

Alasiri walikuja kunijulia hali. Nyumbakumi na mke wake, pamoja. Ndizi mbivu na sabuni. Mama Furaha akanikumbatia kama jirani yeyote anavyomkumbatia mgonjwa. Mumewe akasifu rangi yangu, akauliza habari ya kidonda, akamshukuru Mungu. Akachukua chai. Nikajua linakuja.

"Na Idi? Dada yake anapasuliwa na yeye haonekani?"

Hakutabasamu safari hii. Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ana mashavu yaliyoingia. Alishika kikombe kwa mikono miwili. Nilifungua mdomo, na mdomo haukutoa kitu. Sasa, nikiwa macho, nikiwa nipo mzima na rezo yangu yote, hakuna neno.

Mama Furaha akaweka kikombe chake chini kwa kishindo.

"Lakini wewe, baba Furaha! Si walikuambia Vitshumbi? Kila siku Idi, Idi. Unataka akuletee samaki gani, ngege ao kambale? Sema, mutoto wa watu aandikiwe!"

Mama yangu akacheka. Binamu akacheka. Nyumbakumi mwenyewe akacheka, kwa kuchelewa, akimtazama mke wake. Alimtazama muda mrefu kuliko mzaha ulivyostahili.

"Ngege," akasema hatimaye. Kwa sauti ndogo. "Basi nitawaambia wakubwa niliuliza."

Akamaliza chai. Akasimama. Mlangoni alinigusa bega, akaniambia nisibebe maji kwa mwezi mzima.

Sijui anajua nini. Nadhani kuna milango anaifunga mwenyewe.

Jumatano, 2 Julai

Nyuzi zimetolewa. Kovu ni dogo, limenyooka. Daktari ana mkono mzuri.

Asubuhi tulivu. Ukungu ziwani mpaka bandari ya Kituku, honi ya boti inasikika bila boti. Ofisi wamenipa wiki nyingine. Binamu amerudi kwao.

Tulipobaki wawili, Mama aliacha kuchambua mchele. Akasogeza kigoda karibu na mkeka wangu. Akasema Idi ni mzima, anakula, miguu imepona. Amemhamisha siku ile ile ya Alhamisi. Akasema mahali pa sasa ni pazuri kuliko pale pa kwanza, mtu hawezi kupafikiria. Aliinama ili aniambie.

Nikaweka mkono juu ya mdomo wake.

"Usiniambie, Mama."

Alinitazama kama nimemtukana kaka yangu. Kisha akaelewa. Nilihisi midomo yake ikifunga chini ya vidole vyangu. Ikawa mzigo wake peke yake sasa, na nilimwona akiupokea.

Akarudi kwenye mchele.

Nimejaribu, nikiwa nimelala hapa. Nimeuliza kila kona ya kichwa changu: Idi yuko wapi? Nimeuliza kwa ujanja, kwa ghafla, kama mtu anayeuliza njiani. Hakuna anayejibu. Hawajui.

Jua limefika kwenye mkeka. Nitalala kidogo.